Dramu au diski? Maswali ya wenye magari ya zamani

Mvua zimeanza, na barua nazo zimegeuka. Mwezi uliopita mliniuliza rangi na kutu. Safari hii karibu zote ni breki.

Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ndefu. Nikishuka nayo kutoka Manyovu kuja Mwandiga na magunia ya maharage, nikikaribia chini pedali inakuwa ngumu lakini gari halishiki. Vijana wa gereji wanasema nitupe dramu niweke diski. – Msomaji, Buhigwe

Marahaba. Kabla hujatupa kitu, niambie unashuka na gia ya ngapi. Hiyo dalili naijua: lining, yaani zile bitana za msuguano zinazobana dramu kwa ndani, zimepata moto. Dramu ni kama sufuria lililofunikwa linalozunguka na gurudumu, joto la msuguano linabaki humo humo. Lining ikizidiwa na moto hupoteza ukali, inateleza juu ya chuma badala ya kukikamata, ndiyo maana mguu unakutana na ugumu na gari linaendelea na safari zake. Pedali ingekuwa laini, inazama hadi sakafuni, ningeshuku oili ya breki imechemka, na huo ni ugonjwa mwingine.

Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, upepo unaipiga. Kwa mteremko wenu na mzigo wako, diski inashinda, sibishi. Lakini Series III zilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985 zikiwa na dramu miguu yote minne, na watu walishuka nazo milima. Waliingia gia ndogo kule juu, kabla mteremko haujaanza, wakaiacha injini ishike gari. Breki waliikanyaga kwa vipindi, wakaachia ipoe. Anayelaza mguu juu ya pedali kutoka juu hadi chini anapika lining mwenyewe.

Anza hapo, halafu fungua dramu. Lining iliyong'aa kama kioo badilisha. Dramu yenye mifereji inachongwa, ila isipitishwe kipimo: ikiwa nyembamba inapata moto upesi zaidi. Kisha rekebisha shuu, vile vyuma vya upinde vinavyobeba lining, kwani za Series hazijirekebishi zenyewe. Nimeona Land Rover ngapi zikisingiziwa ubovu wa breki, kumbe hakuna aliyeshika spana kukaza shuu kwa miaka! Ukishafanya yote hayo na bado unabeba maharage kila wiki, hapo weka diski, za mbele tu zinatosha.

Mimi niko Tabora, kwetu hakuna milima. Volkswagen Beetle yangu ina dramu kote. Nikipita kwenye dimbwi, nikikanyaga breki inavuta kulia. Diski itaponya? – Msomaji, Tabora Mjini

Itaponya, lakini kwa tambarare ya Tabora mimi nisingetoa hela hiyo. Dramu ina tabia ya kujisaidia: shuu inayotangulia ikigusa, mzunguko wa gurudumu unaivuta ijibane zaidi. Ndiyo maana Beetle inasimama bila busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Ubaya wake, tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia inakuzwa. Dramu ya kushoto ikiingia maji, ya kulia inashika peke yake na gari linafuata huko. Ukitoka dimbwini, gusa breki polepole mara kadhaa huku unakwenda, zikauke.

Ikivuta hata barabara ikiwa kavu, fungua uangalie wili silinda, ile inayosukuma shuu kwa oili, kama inavuja. Lining iliyolowa oili usiioshe kwa petroli ukairudisha. Tupa, na ubadilishe pande zote mbili kwa pamoja. Na usiidharau dramu yako: Beetle yenye dramu tupu ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962, na tope la njia zile unalijua.

Fundi, nimepata diski za mbele za kufunga kwenye pikapu yangu ya zamani. Fundi wangu anasema masta silinda ya dramu itafaa. Kweli? – Msomaji, Ujiji

Hapana, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Masta silinda ndiyo pampu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga pedali. Kalipa, kile kibano kinachobana diski kwa pedi, inataka oili nyingi na shinikizo kubwa kuliko wili silinda, kwa sababu diski haijisaidii kama dramu. Bila busta utakanyaga mpaka paja liume. Halafu masta silinda nyingi za dramu zina valvu ndogo inayobakiza shinikizo kwenye mabomba ili shuu zisirudi mbali. Ukiifungia diski, pedi haziachii: gari linakwenda limejibana, rimu zinachoma mkono.

Kuna na nyuma. Shinikizo lililoongezwa kwa ajili ya diski likifika kwenye dramu za nyuma bila valvu ya kulipunguza, magurudumu ya nyuma yanajifunga kwanza, na kwenye utelezi gari linageuka. Pima pia rimu kabla hujalipa. Nyingine hazipiti juu ya kalipa. Kama huna hela ya vyote, baki na dramu zako. Nusu ya kazi hii ni mbaya kuliko kutoifanya.

Mbona hata magari mapya mengine yana dramu nyuma?

Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Za nyuma zina kazi ndogo. Tena dramu ni rahisi kutengeneza na handibreki inakaa humo vizuri.

Oili ya breki ikiniishia njiani, naweza kuongeza maji ya sabuni? – Dereva, Kasulu

Najua linafanyika. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Maji ni 100, na huko kwenu juu ni chini kidogo ya hapo. Mteremko mmoja yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Kutu nayo inaanza ndani ya silinda. Oili ya injini usithubutu, inavimbisha mipira yote. Beba chupa ndogo ya oili ya breki chini ya kiti, imefungwa vizuri, maana inanyonya unyevu wa hewa.

Mwalimu wangu wa gereji hupuliza vumbi la dramu kwa mdomo. Ni sawa? – Mwanafunzi wa ufundi, Kigoma

Mwanangu, usimwige. Lining nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Saratani yake hujitokeza miaka mingi baadaye. Wala usilipulize kwa kompresa. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa kibichi, kifunge kwenye mfuko ukitupe. Mwalimu wako mpe kitambaa hicho kwa heshima, useme umetumwa na mimi.