Ukizibiwa kwenye pool: spini ya kugonga ukingo kwanza

Mkuu umeuliza kwanini ukizibiwa, yaani mpira wa jamaa umekaa kati ya nyeupe (ule mpira mweupe wa kupigia) na mpira wako, ukaamua kugonga ukingo kwanza huku umeweka spini, yaani umeigonga nyeupe ubavuni ili izunguke, inapita pembeni ya mpira wako unaishia kupigwa faulo. Mi yalinikuta hayo msimu mzima wa korosho, baa moja hapa Mikindani, kila koini natumbukiza mimi na bado soda nanunua mimi.

Tatizo langu nlikua naweka spini wakati hata bila spini sijui mpira unarudi wapi. Fundi boti mmoja alinichoka, akaniambia weka nyeupe katikati ya meza, piga nyoofu ukingo wa mbele, irudi iguse ncha ya fimbo yako. Nikapiga kumi, nyingi zikarudi kulia kwangu, kumbe siku zote nagonga ubavu wa kulia bila kujua af nasingizia meza!

Sasa spini yenyewe. Njiani haifanyi kazi kubwa, inashika pale inapogusa ukingo. Nyeupe ikiwa inaenda ukingo wa ng'ambo huku inaelekea kulia, ukiigonga ubavu wa kulia inatoka imejiachia, inafika mbali zaidi, ukigonga kushoto inakataa, inarudi kwa kubana. Tuseme nyeupe na mpira wako ziko umbali sawa toka ukingo ule, wako ukiwa kulia, kikawaida unalenga pale ukingoni katikati yao, ila njia hiyo imezibwa na mpira wa jamaa, hapo ndo unaweka kulia kidogo na unalenga karibu na upande wako kuliko ile katikati. Yaani spini inakuhamishia sehemu ya kugonga, basi. Kama njia ya kawaida iko wazi achana nayo, hata kama kuna warembo wanaangalia.

Usipige kwa hasira. Ukipiga kwa nguvu kona ya nyeupe kurudi toka ukingoni inabana, sasa umeweka spini ya kuifungua na nguvu ya kuibana, utajuaje kipi kimekuangusha? Fimbo nayo ilale, ukiinua mkono wa nyuma nyeupe inapinda njiani kabla haijafika ukingoni. Na ukigonga kulia inaanza kwa kusukumika kushoto kidogo, hilo la kulizoea tu, mi lilinichukua muda.

Alafu meza za huku baharini usiku kitambaa kinavuta unyevu, kona zinabana kuliko mchana. Nikienda Masasi nikakuta kitambaa kipya nyeupe inateleza inapitiliza, kwahiyo kabla ya kuweka hela napiga mbili tatu za bure kwanza.

La mwisho ni ncha ya fimbo. Za baa zimeshakua ngumu na zimesuguka kama kisigino cha ndala, chaki haikai, ukigonga ubavuni inateleza watu wanacheka. Mi natembea na kipande cha msasa mfukoni, mwenye baa mpaka leo anadhani kuna mtu kamletea fimbo mpya.