Picha za gazeti za siku benki ilipofunguliwa: namna ya kuzipata, kuzisoma na kuzinakili

Mtu anayetafuta picha ya siku tawi la benki la mji wake lilipofunguliwa huenda maktaba akiulizia jina la benki. Atahangaika bure, maana magazeti ya zamani hupangwa kwa tarehe, si kwa mada. Tafuta tarehe kwanza, ukijua kwamba zipo tatu: siku tawi lilipoanza kupokea wateja, siku ya sherehe, na siku gazeti lilipochapa picha. Kati ya ile ya kwanza na ya pili huweza kupita wiki kadhaa, kwa sababu sherehe humsubiri mgeni rasmi.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Jumanne, 14 Juni 1966. Picha za magazeti ya asubuhi zitafute kuanzia Jumatano tarehe 15. Kwa tawi la mkoani, pekua hadi wiki mbili mbele. Habari iliweza kusomwa kwa simu siku ileile, lakini filamu ilisafiri kwa basi, treni au ndege, hivyo maneno yakatangulia na picha ikafuata. Usiruke kurasa za matangazo pia. Mkandarasi, muuza samani na kampuni ya rangi walinunua nafasi kuipongeza benki, na mara nyingi picha nzuri ya jengo ipo hapo, kwenye habari hakuna.

Kwa Dar es Salaam, anzia Maktaba Kuu ya Taifa, mkusanyiko wa East Africana (machapisho ya Afrika Mashariki) katika maktaba ya Chuo Kikuu, na Nyaraka za Taifa. Anayefuatilia Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, aende Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa za Kenya, ambazo jengo lake lenyewe lilikuwa la benki. Picha halisi, yaani iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha na si ile ya gazetini, iulizie Idara ya Habari (MAELEZO) au maktaba ya picha ya gazeti lenyewe.

Ukishaipata, maelezo yaliyo chini ya picha usiyaamini haraka. Aliyeyaandika alikuwa chumba cha habari, na alikuwa na picha nzima mbele yake. Fundi wa kurasa akaipunguza ili iingie safu mbili, akamkata mtu wa pembeni, majina yakabaki vilevile. Ndiyo maana unakuta majina matano na sura nne. "Kutoka kushoto" ni kushoto kwa msomaji, na hesabu hiyo huvurugika kabisa picha ikichapwa kinyume, yaani negativi ikiwa imegeuzwa. Dalili zake ni rahisi kuziona: herufi za kibao zimegeuka, mfuko wa kifuani wa koti umehamia kulia, na mgeni rasmi anakata utepe kwa mkono wa kushoto. Angalia mfuko kabla hujaandika kwamba alikuwa mtumia shoto.

Picha isiyo na tarehe isome kwa kibao cha benki. Kibao cha National Bank of Commerce (NBC) Tanzania hakiwezi kuwa cha kabla ya Februari 1967, maana benki binafsi zilitaifishwa tarehe 6, siku moja baada ya Azimio la Arusha. Cha NMB (National Microfinance Bank) hakiwezi kuwa cha kabla ya 1997, NBC ilipogawanywa. "National and Grindlays" ni jina la kuanzia 1959. Neno "Tanzania" lilianza kutumika rasmi 29 Oktoba 1964. Penye "Tanganyika" peke yake, rudi nyuma, ingawa vibao vya zamani havikung'olewa siku moja. Kosa jingine la mara kwa mara ni kuchanganya jiwe la msingi na jiwe la ufunguzi. Mgeni akiwa na mwiko wa saruji, jengo halijajengwa bado. Akiwa na mkasi, au akivuta pazia dogo ukutani, huo ndio ufunguzi. Ukiweza, nenda kwenye jengo ukasome jiwe kwa macho yako.

Kunakili kuna mitego yake. Picha ya gazeti ni nukta tupu, kwa kawaida mistari 65 hadi 85 ya nukta kwa inchi. Ukiiskani kwa nukta 150 au 200 kwa inchi, nukta za gazeti na za skana hugongana na sura zote zinafunikwa na mawimbi. Skani kwa 600, kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, hifadhi kama faili la TIFF, lisilopunguza ubora wa picha, kisha punguza ukubwa kwenye nakala ya kuweka mtandaoni. Kitufe cha kuondoa nukta kwenye programu ya skana kinasaidia, lakini kinafuta mistari ya uso, kwa hiyo kitumie kwenye nakala tu. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kipande cha gazeti. Gazeti ni jembamba, na kifuniko cheupe cha skana hufanya maandishi ya upande wa pili yatokeze kwenye paji la uso wa mgeni rasmi.

Magazeti yaliyojalidiwa usiyakandamize kwenye kioo, mgongo utapasuka. Egemeza majalada kwenye mito miwili, piga kwa kamera iliyo sambamba na ukurasa, mwanga wa dirisha utoke ubavuni, bila flashi. Chukua ukurasa mzima kwanza, wenye jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa, ndipo usogelee picha.

Picha ya karatasi iskani pande zote mbili. Mgongoni kuna muhuri, tarehe na jina la mpigapicha. Penseli ikiwa imefifia, laza tochi mezani ili mwanga upite juujuu ya karatasi, na mikwaruzo ya herufi itaonekana. Alama nyekundu za kukatia na rangi nyeupe iliyopakwa kuzunguka vichwa usizifute, hiyo ndiyo kazi ya chumba cha habari. Negativi inayonuka siki imeanza kuoza. Itenge na nyingine, uinakili mapema.

Kipande cha gazeti usikitie plastiki ya moto wala selotepu. Asidi ya karatasi inabaki humo humo, na gundi hugeuka doa la kahawia. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu na penye giza, inatosha.

Wazee wa mji waonyeshe picha kabla hujawasomea majina. Ukiwatajia, watakubali. Andika kila jina pamoja na aliyelitaja, na mahali asipokumbuka acha pengo. Kabla ya kuchapisha, omba ruhusa kwa mwenye picha kwa barua, ukitaja gazeti, tarehe na ukurasa. Ombi la "ile picha ya benki" halijibiki.