Jina la baridi yabisi lilinipotezea miezi minane

Asubuhi ile mwanangu alisimama mbele yangu na shati la shule, anasubiri nimfunge vifungo. Kifungo cha kwanza tu kikanishinda. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba, vya moto, vigumu kukunja. Vilianza kulegea saa 4.

Shangazi alipoviona akasema, "Hiyo baridi yabisi, mwanangu. Acha kufua usiku." Nikaamini, maana jina lenyewe linasema baridi. Nikayakimbia maji baridi, nikalala na soksi kwenye joto hili la Dar es Salaam, nikawa nanunua diklofenaki duka la dawa. Kila nikimeza napata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Dawa ya maumivu inatuliza tu, huku ugonjwa unaendelea kula viungo.

Hospitali nilielezwa kwamba baridi haileti ugonjwa huu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando unavimba, na ukiachwa unatafuna gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, hadi mfupa wenyewe. Kwa nini kinga igeuke? Hakuna sababu moja. Kuna jeni za kurithi zinazoongeza uwezekano, sigara inachochea sana, na ugonjwa wa fizi na vumbi la mawe vinahusishwa pia. Wanawake tunaugua mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Mimi sijawahi kuvuta, na kwetu simjui aliyeugua. Kwa hiyo nawaomba, msimuulize mgonjwa alifanya nini, wala nani kamroga.

Ukiamka na vidole vigumu zaidi ya nusu saa, uvimbe uko mikono yote miwili, na wiki 6 zinakatika, nenda hospitali ukapimwe damu na kukaguliwa viungo. Usingoje kama mimi. Kidole changu kimoja kimeshapinda na hakitanyooka.

Ukiandikiwa methotreksati, dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe usiendelee kula viungo, sikiliza vizuri: inamezwa mara 1 kwa wiki. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Na kama una mimba au unaitafuta, mwambie daktari kabla hujaigusa. Boksi langu nimeliandika IJUMAA kwa kalamu nyekundu, na mwanangu ndiye anayenikumbusha.