Pigo la Tatu Ndilo Linaloamua Mechi ya Pikliboli

Anayetaka kupanda kiwango kwenye pikliboli, mchezo wa raketi na mpira wa plastiki wenye matundu, mara nyingi hukimbilia nguvu. Nguvu ina nafasi yake, lakini katika mchezo wa wawili wawili pointi nyingi huchukuliwa na wale wanaofika kwenye mstari wa jikoni na kubaki hapo.

Jikoni ni lile eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu. Ukiwa ndani yake huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Sheria inataka pia mpira wa kuanzisha udunde, kisha jibu lake nalo lidunde. Kwa hiyo waanzishaji hukwama nyuma huku wapokeaji wameshasogea mbele. Na kwa hesabu iliyozoeleka ya pointi 11, anayepata pointi ni upande unaoanzisha tu. Usipojua njia ya kutoka nyuma kwenda mbele, hushindi.

Njia hiyo ni pigo la tatu, lile linalofuata la kuanzisha na la kupokea: kuudondosha mpira polepole jikoni kwa mpinzani, ili alazimike kuupiga kwenda juu. Kunja magoti, uguse mpira mbele ya mwili, ushike raketi kwa ulegevu, na mkono usukumwe na bega. Kiwiko na kifundo cha mkono vitulie. Kifundo kikichezacheza mpira huruka juu na utapigwa nao. Kilele cha mpira kiwe upande wako wa wavu, ili ukivuka uwe tayari unashuka. Ukikosea, bora mpira uvuke juu kidogo kuliko kuuzika wavuni, maana uliovuka bado unaweza kuuokoa.

Zoezi lake: simama na mwenzako kila mmoja kwenye mstari wake wa jikoni, udondoshe mipira kumi mfululizo, rudi hatua moja, udondoshe kumi tena, hadi ufike mstari wa nyuma. Wengi huanzia nyuma moja kwa moja, na ndiyo maana hawaupati mkono.

Jibu likija fupi na likadunda juu, usidondoshe. Piga kwa kasi, ukilenga bega la mkono wenye raketi.

Baada ya kudondosha, tazama mpira kabla ya kukimbia. Mpira ukiwa mzuri, songa mbele. Mpinzani anapokaribia kuupiga, simama miguu yote ikiwa chini, hata kama hujafika. Kupokea mpira ukiwa mbioni ni kutupa nafasi yako ya pointi.

Mkishafika mbele, dondosha kwa mshazari. Katikati wavu una sentimita 86.4, pembeni 91.4, na mshazari una urefu zaidi wa uwanja, kwa hiyo kosa dogo husameheka. Mpira ulio chini ya kimo cha wavu usiushambulie. Mpira wa kasi unaokuja usawa wa bega, uache. Mara nyingi unatoka nje. Na ukiupiga mpira hewani, kabla haujadunda, jizuie: kasi yako ikikuingiza jikoni ni kosa, hata mpira ukiwa umeshakufa.

Kuanzisha na kupokea, piga ndani kabisa, karibu na mstari wa nyuma. Anayepokea aupige juu na taratibu, apate muda wa kufika mbele.

Mpira ukipita juu ya kichwa chako, usirudi kinyumenyume hata siku moja. Geuka ubavu kwanza, kisha kimbia. Wachezaji wengi huanguka na kuvunjika vifundo vya mikono kwa njia hiyo, hasa wakivaa viatu vya kukimbilia badala ya viatu vya uwanjani vinavyoshika mguu pembeni.