Kwa nini matone ya dukani hayaui virusi vya macho mekundu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa darasa la pili aliamka macho mekundu, kope zimegandana kwa tongotongo. Duka la dawa waliniuzia matone ya antibayotiki. Nikamtia siku nne bila nafuu, na kufikia Ijumaa wadogo zake wawili nao wakashikwa, nami pia. Naambiwa ni virusi. Mbona basi wataalamu hawatengenezi matone ya kuviua?
Mama wa watoto watatu, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza huku nawe unaugua. Antibayotiki huua bakteria. Virusi haviguswi nazo, na hela yako ilipotea bure.

Dawa za macho zinazopambana na virusi zipo, ila si kwa virusi ambavyo yaelekea ndivyo vilivyoingia nyumbani kwako. Mwaka 1962 daktari Herbert Kaufman wa Marekani alionyesha kwamba aidoksuridini, iliyoundwa na William Prusoff wa Chuo Kikuu cha Yale, huponya vidonda vya kioo cha jicho (utando angavu wa mbele ya jicho) viletwavyo na virusi vya hepesi. Baadaye zikaja asikloviri ya marhamu na gansikloviri ya jeli. Asikloviri hulala mpaka iamshwe na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) cha virusi vya hepesi vyenyewe, kwa hiyo hufanya kazi ndani ya seli iliyoambukizwa na kuziacha salama zilizo nzima.

Macho mekundu ya kuambukizana mara nyingi huletwa na adenovirusi, navyo havina kimeng'enya hicho. Watafiti walijaribu sidofoviri, dawa nyingine ya virusi ambayo haikihitaji kimeng'enya hicho. Virusi vilipungua kweli, lakini dawa yenyewe ilichubua jicho na iliweza kuziba njia za machozi. Dawa inayoumiza kuliko ugonjwa unaopona wenyewe kwa wiki moja hadi tatu haiwezi kuuzwa, na mimi naona walifanya vyema kuiacha.

Kisha kuna tone lenyewe. Huwa na takriban mikrolita 50, ilhali nafasi iliyo chini ya kope hubeba kama 30 tu. Ndiyo maana ulikuwa ukimfuta mtoto dawa shavuni. Kilichobaki huoshwa na machozi kwa dakika chache. Mtengenezaji anahitaji dawa itakayong'ang'ania jicho, ipenye hadi virusi vilipo, isilichome, tena itiwe mapema, kwa sababu mgonjwa anapofika kwetu virusi vimeshazaana vya kutosha. Hadi leo hakuna iliyoidhinishwa kwa adenovirusi.

Nakusihi usinunue matone yenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na wekundu) kwa kushauriwa na jirani. Wekundu hupungua upesi, lakini kama ni hepesi, kidonda hutanuka na kioo cha jicho hubaki na kovu. Maziwa ya mama na chai ya rangi navyo visitiwe jichoni. Kanda kope kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, nawa mikono kwa sabuni, na kila mtu awe na taulo na foronya yake, kwani adenovirusi huweza kuishi wiki kadhaa juu ya kitu kikavu. Mmoja wenu akipata maumivu makali, akashindwa kutazama mwanga au akaona ukungu, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Na ile chupa uliyomtilia mtoto, kama ncha yake iligusa kope, itupe, usimtilie mwingine.