Mkaa wa maganda ya karanga unaotoa moshi na kumeguka
Ndugu yangu wa Kongwa, umeuliza kwa nini mkaa wako wa maganda ya karanga hutoa moshi na kumeguka. Moshi unatokana na maganda ambayo hayakuiva kuwa mkaa ndani ya pipa la kuchomea. Unapoyachoma, subiri moshi mzito mweupe wa pipa upungue na kuwa mwepesi, kisha funika pipa na kuziba kwa udongo ili hewa isiyageuze majivu. Kumeguka ni suala la gundi. Pika uji wa unga wa muhogo mpaka uvutike, uchanganye ungali moto na mkaa uliosagwa na kuchekechwa, halafu finyanga tonge: ukifungua kiganja likabaki zima bila kuchuruzika maji, mchanganyiko umefaa. Ukishafinyanga vitofali vya mkaa, siku ya kwanza vianike kivulini, kwa kuwa jua letu la Dodoma hukausha nje upesi na kuvipasua.