Kuunga spika ya omu 8 na ya omu 4 kwenye boksi moja la gitaa

Ndugu, umeuliza uziungeje spika hizi mbili. Amplifaya yako ni ya transista, wati 20 kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), basi usiziunge spika hizo sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi: 8 na 4 zinakupa omu 2.7 tu, na transista za kutolea sauti zitachemka hadi ziungue. Ziunge mfululizo. Chanya ya amplifaya iende chanya ya spika ya kwanza, hasi yake iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Utapata omu 12 na takriban wati 7, theluthi mbili zikiingia kwenye ile ya omu 8. (Ingekuwa amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, ningekukataza, hizo hutaka omu zilezile zilizoandikwa kwenye amplifaya.)

Kwanza pima kwa mita, maana lebo za spika kuukuu si za kuaminika. Ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 4 husoma 3 na ushee. Kisha gusa ncha za kila spika kwa betri ya volti 1.5, mara moja tu: koni ikisukumwa nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Ukigeuza chanya na hasi za moja, besi inapotea. Na ikiwa moja inaizidi nyingine sauti kwa mbali, hakuna namna ya kuunga waya itakayoponya hilo. Toa moja.